Fedha ya ufuta isiishie chini ya boneti

KILA minada ya ufuta inapokaribia kufungwa mkoani Lindi, barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupokea wageni wa aina moja. Ni Kirikuu, Noah, Hiace, Canter na pikapu za kila umri, zikiwa na rangi mpya juu na injini iliyochoka chini, zikiendeshwa na wamiliki wapya kuelekea Somanga, Nangurukuru, Kiranjeranje, Mchinga na vijiji vya ndani. Baadhi hufika zikitoa mvuke. Nyingine hufika salama, hubeba mizigo ya msimu mmoja wa korosho, kisha mvua zinapoanza huegeshwa chini ya mwembe zikisubiri spea ambayo mwenye gari hana tena fedha ya kuinunua.

Kwa mtu wa nje hilo ni tatizo la fundi. Kwa mkulima ni tatizo la shamba. Fedha iliyolala chini ya mwembe ule ndiyo iliyotakiwa kulipa vibarua wa kusafisha shamba mwezi Desemba, kununua mbegu mwezi Januari na kugharamia palizi ya ufuta, kazi isiyosubiri. Hasara ya gari bovu kwa hiyo huonekana mara mbili: kwanza barabarani, kisha kwenye mizani ya chama cha msingi msimu unaofuata, wakati magunia ya mwenye gari yanapopungua.

Hakuna sababu ya kumlaumu mkulima au mchuuzi kwa kutaka gari lake. Anayenunua samaki Kilwa Kivinje au pweza Somanga na kupeleka soko la Feri ana safari ndefu na barafu isiyongoja. Anayekusanya nazi, mihogo, mahindi au chumvi hulipia usafiri wa mzigo kila wiki, na kila wiki huiona faida yake ikipanda kwenye gari la mtu mwingine. Kutaka kuikamata faida hiyo ni akili ya biashara. Kosa huwa kwenye hesabu. Bei ya kununulia huchukuliwa kuwa ndiyo gharama ya gari, na mfuko wote humwagwa siku hiyo hiyo.

Ukanda huu haukuwa na mazoea ya magari ya namna hii. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya kutoka Dar es Salaam ilikwamia kwenye kivuko cha Mto Rufiji pale Ndundu. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kilibaki tope na vumbi kwa miaka mingi kabla ya lami kukamilika. Enzi hizo aliyetaka kufanya biashara ya usafiri Kilwa alihitaji Land Rover au lori la nguvu, na asiye na uwezo huo hakujaribu. Lami ndiyo iliyofungua mlango kwa gari dogo na chovu. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300, na kwenye lami hata injini dhaifu huweza kuzimaliza, mara ya kwanza na ya pili.

(Lami yenyewe nayo si ahadi ya milele. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo eneo la Somanga na Mikereng'ende, na magari yakasimama. Aliyekuwa na samaki kwenye gari siku hizo anajua bei ya kusimama.)

Gari linalofika Kilwa leo kwa kawaida limeshaishi maisha mawili au matatu. La kwanza ni la Japani, ambako ukaguzi wa lazima hufanyika kila baada ya miaka miwili kwa gari la kawaida likishapita umri wa upya, na mara nyingi zaidi kwa magari ya mizigo. Kadiri gari linavyozeeka, ndivyo matengenezo ya kulipitisha kwenye ukaguzi yanavyokuwa ghali, na mmiliki huona nafuu kuliuza nje. Maisha ya pili ni ya Dar es Salaam: teksi, daladala au gari la duka, lililokaa kwenye foleni ya Mbagala likinguruma bila kusogea. Saa hizo za foleni hazihesabiwi kwenye kilomita, ingawa injini imezihesabu. Gari likianza kusumbua mjini, ndipo husikika maneno "hili litafaa mkoani."

Maneno hayo yangepaswa kumtisha mnunuzi. Gari lililoshindwa Dar es Salaam, ambako kuna lami, mafundi wengi na maduka ya spea ya Gerezani, litawezaje kufaa Nanjirinji au Kipatimu?

Sera nayo ina sehemu yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka minane. Uganda, tangu mwaka 2018, imezuia magari yenye miaka 15 na zaidi. Tanzania haikuchagua njia ya marufuku, bali hutoza ushuru wa uchakavu, ili gari kuukuu liwe ghali zaidi linapoingia. Mantiki ya ushuru huo inaeleweka, lakini unagusa gari lililopo bandarini tu. Haugusi lile lililokwisha kuingia. Na kwa kuwa la kuagiza limekuwa ghali, lile lililomo nchini huendelea kuzunguka mkono kwa mkono kwa miaka mingi, na mkono wa mwisho mara nyingi ni wa mkulima wa mkoani.

Madalali wamewazoesha watu kuuliza herufi ya usajili. Ni namba C? Ni namba D? Ni namba E? Herufi hiyo inasema gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania, basi. Haisemi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2003 lililosajiliwa likiwa na miaka 15 hubeba namba D sawasawa na la mwaka 2010 lililosajiliwa wiki hiyo hiyo, na muuzaji atayataja yote mawili kwa sauti moja. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari. Kuusoma hakuhitaji dalali.

Kisha kuna kilomita. Mnunuzi huinama dirishani, husoma 98,000 na hutabasamu. Angejiuliza kwanza kwa nini namba hiyo inapendwa. Injini nyingi za Kijapani za miaka ya 1990 zenye mkanda wa taimingi hutakiwa kubadilishiwa mkanda zinapofika karibu na kilomita 100,000. Ni kazi yenye gharama, na mwenye gari wengi huuza kabla ya kuifikia. Kwa hiyo hata kama namba ni ya kweli, mnunuzi amerithi mkanda uliochoka. Ukikatika kwenye injini ya dizeli, valvu hugongana na pistoni, na matengenezo yake huweza kukaribia bei ya injini nyingine ya mtumba.

Na mara nyingi namba si ya kweli. Kurudisha nyuma kilomita ni kazi ndogo kwa mwenye kifaa chake. Dashibodi hudanganya, lakini raba za pedali, usukani na kiti cha dereva hazina ujanja huo. Gari la kilomita 98,000 haliwezi kuwa na pedali ya breki iliyolika hadi chuma kuonekana. Kama muuzaji anadai kwamba aliliagiza mwenyewe, aulizwe nakala ya hati ya Kijapani ya kuliondoa gari kwenye usajili, kwa sababu hati hiyo huonyesha kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi. Anayesema imepotea huenda anasema kweli, lakini bei yake ishuke kidogo kwa upotevu huo.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alichapisha makala iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Mfano wake mkuu ulikuwa soko la magari yaliyotumika. Muuzaji anaujua ubovu wa gari, mnunuzi haujui. Kwa kutojua, mnunuzi hutoa bei ya wastani ili kujikinga. Mwenye gari zuri huona bei hiyo haimtoshi, hubaki na gari lake. Mwenye bovu huikimbilia. Polepole mazuri hutoweka sokoni. Katika makala hiyo hiyo Akerlof alitaja akina mama wa India wanaochambua mchele wa sokoni ili kutoa vijiwe vyenye rangi na umbo la punje, vilivyochanganywa kwa makusudi.

Mkulima wa ufuta wa Kilwa hahitaji Nobel kulielewa jambo hilo. Analijua kutoka ghalani. Wanunuzi walipokuwa wakipita vijijini na mizani zao, ufuta msafi na wenye mchanga vililipwa bei ya kukisia, na aliyepepeta vizuri hakupata ziada. Chini ya stakabadhi ghalani, mzigo hupimwa uzito na kukaguliwa ubora kabla ya mnada, na mnunuzi ambaye huenda hajawahi kukanyaga Mandawa hutoa bei kwa kuiamini karatasi. Mfumo huo una malalamiko yake, hasa makato na ucheleweshaji wa malipo, na haya si mahali pake hapa. Lakini kanuni yake ni sahihi: asiyeona mali aone cheti cha aliyeiona.

Ajabu ni kwamba mkulima huyo huyo, ambaye gunia lake la ufuta lenye thamani ya laki chache limekaguliwa kabla ya kuuzwa, hupanda basi na Sh12 milioni na kununua gari kwa neno la dalali aliyekutana naye asubuhi hiyo. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Dawa ya kwanza ni fundi wa mnunuzi mwenyewe. Si fundi wa muuzaji, wala yule anayeitwa na dalali kwa simu na kufika baada ya dakika tano. Fundi huyo alipwe ujira ule ule gari likinunuliwa au lisiponunuliwa, maana anayelipwa likinunuliwa tu atalisifia. Alikute gari asubuhi likiwa limepoa, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla ya mteja kufika huficha shida ya kuwaka. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma injini ikishapata joto, pamoja na utando unaofanana na chai ya maziwa kwenye kifuniko cha oili, ni dalili kwamba maji yameingia kwenye oili, na huenda gasketi ya silinda hedi imekufa. Mapovu kwenye rejeta injini ikinguruma husema jambo hilo hilo.

Kuliendesha kuzunguka yadi hakutoshi. Gari linalotarajiwa kwenda Kilwa lijaribiwe kwa mwendo wa saa nzima, lipande mlima, na likiwezekana libebe mzigo. Magurudumu nayo yana maandishi. Kati ya namba zilizochapwa ubavuni mwa tairi, nne za mwisho huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini lililopita miaka kumi limekauka na linaweza kupasuka, hasa mchana wa jua kali.

Sehemu ambayo mnunuzi wa pwani hapaswi kuiruka ni chini ya gari. Kutu ndiyo ugonjwa wa ukanda huu. Magari mengine yalianza kuliwa huko huko Japani, kwenye mikoa ya baridi kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Likifika Kilwa au Lindi, upepo wa bahari huendeleza kazi hiyo, na mizigo yenyewe huikamilisha. Maji ya barafu na damu ya samaki hupita kwenye bodi na kudondoka juu ya chasisi. Gunia la chumvi ya mashamba ya Lindi au Kilwa likipata unyevu hufanya vilevile. Chasisi iliyopakwa lami nyeusi mbichi wiki ya kuuzwa ichunguzwe kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hudidimia. Injini hubadilishwa, gia boksi hubadilishwa, lakini chasisi iliyooza ndiyo mwisho wa gari.

Aliyekwisha kununua bado ana la kufanya. Baada ya kila safari ya samaki au chumvi, gari lioshwe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, si juu tu linakoonekana na majirani. Sakafu ya bodi iwekewe turubai au bati lenye njia ya kutolea maji nyuma, mbali na chasisi. Wapo wanaopaka oili chafu chini ya gari, na inasaidia kiasi, ila isiguse breki wala raba.

Maji ya rejeta yanastahili kusemwa peke yake, kwa sababu ndiyo yanayoua injini nyingi za pwani pasipo mtu kuyashuku. Visima vingi vya ukanda huu vina maji ya magadi au chumvi. Dereva akisimama kijijini gari likiwa limechemsha, huomba ndoo ya kisima, hujaza na kuondoka. Akifanya hivyo miezi sita, kutu na utando huziba njia nyembamba za rejeta, gari huchemsha zaidi, naye huongeza maji yale yale. Kisha fundi wa njiani hung'oa themostati "ili maji yapite vizuri." Katika baadhi ya injini kuing'oa huacha wazi njia ya pembeni ambayo themostati ilikuwa ikiifunga, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na joto huongezeka pale pale ilipodhaniwa limetibiwa. Themostati mpya na maji maalumu ya rejeta ni gharama ndogo. Asiyemudu maji hayo atumie ya mvua yaliyokingwa, na asiache kidumu nyumbani.

Sasa hesabu yenyewe. Namba zifuatazo ni za mfano, na kila mmoja aweke zake. Kuna magari mawili ya aina moja. La kwanza linauzwa Sh9 milioni, halikukaguliwa. La pili linauzwa Sh13 milioni, limekaguliwa na lina historia inayoeleweka. Kila moja linapofanya kazi humwachia mwenyewe Sh60,000 kwa siku baada ya mafuta na dereva. La kwanza linasimama siku 60 kwa mwaka na kula spea za Sh3 milioni. La pili linasimama siku 15 na kula Sh1.2 milioni. Siku 60 za kusimama ni Sh3.6 milioni zilizopotea, siku 15 ni Sh900,000. Kwa mwaka mmoja la kwanza limemgharimu mwenyewe Sh15.6 milioni na la pili Sh15.1 milioni. Mwaka wa pili unapoanza, la kwanza limechoka zaidi na halina mnunuzi, la pili bado lina bei.

Wengi hushangaa kuona siku za kusimama zikizidi spea zenyewe kwa gharama. Lakini ndivyo ilivyo mbali na mji. Kifaa cha Sh40,000 kikikosekana Nangurukuru au Lindi mjini, mtu hupanda basi kwenda Dar es Salaam, hulala, hununua, hurudi, na mara nyingine hugundua kwamba kinafanana na kile cha zamani ila tundu moja limepishana. Siku nne zimekwenda. Ikiwa ni wakati wa kuhamisha korosho kutoka shambani hadi ghalani, siku hizo nne mzigo umebebwa na mwingine, na mteja aliyekwenda kwa mwingine si lazima arudi.

Kwa sababu hiyo swali la kwanza kuhusu aina ya gari liwe hili: nani mwingine analo hapa? Gari ambalo jirani watano wanalo lina fundi aliyelizoea na spea kwenye duka la karibu, hata za mtumba. Lile la peke yake wilayani, hata likiwa zuri na la bei poa, litamfanya mwenyewe awe msafiri wa Gerezani. Pia umri si adui pekee. Injini za dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida hukubali kutengenezwa na fundi wa Kiranjeranje mwenye spana na uzoefu. Injini mpya zaidi, zenye nozeli zinazoendeshwa kwa umeme na shinikizo kubwa la mafuta, hunywa kidogo na huvuta vizuri, lakini hazivumilii mafuta machafu na huhitaji kifaa cha kusomea hitilafu. Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na hatua hiyo ilisaidia. Hata hivyo, mafuta ya kwenye vidumu vijijini, yenye vumbi na maji, bado yapo, na nozeli moja iliyoharibika huondoka na faida ya miezi.

Barabara za ndani zitaendelea kuwa zilivyo kwa muda. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, ina mtandao mkubwa wa kuhudumia na mvua haziisubiri. Mwenye gari ahesabu shokapu, bushi na springi kama anavyohesabu mafuta, yaani matumizi ya kawaida yasiyo ajali.

Kanuni inayoweza kumfaa mnunuzi ni kugawa mfuko kabla ya kupanda basi. Mwenye Sh12 milioni atafute gari la Sh8 milioni, na Sh4 milioni abaki nazo kwa ajili ya uhamisho wa umiliki, bima, tairi, mkanda, oili zote na matengenezo ya miezi sita ya mwanzo. Asipopata gari la maana kwa Sh8 milioni, basi hana bado fedha ya gari, ana fedha ya bajaji ya mizigo au guta, na hivyo si vitu vya kudharauliwa kwa mizigo ya ndani ya kilomita 20. Fedha ya mbegu na palizi iwe nje kabisa ya mgawo huo, ikiwezekana kwenye akaunti nyingine.

Anayekopa awe na tahadhari mara mbili. Gari kuukuu ni dhamana inayopungua kila siku, wakati marejesho hayapungui. Mikopo ya haraka ambayo watu wameipa jina la kausha damu haifai hata kidogo kwa kununulia spea, kwa kuwa riba yake hutembea hata gari likiwa limesimama. Bei nzuri nazo zisiwalevye watu. Minada ya korosho ya Oktoba 2024 ilivuka Sh4,000 kwa kilo, na wengi walijiona tayari wana gari. Lakini wale waliopitia msimu wa 2018/19, wakati Serikali iliponunua korosho kwa Sh3,300 na malipo yakachelewa, wanakumbuka kwamba fedha ya zao inaweza kuchelewa miezi. Gari likiharibika halina subira hiyo.

Sheria haimwachi mnunuzi mikono mitupu, ila haimbebi pia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara wa bidhaa za aina fulani auze kilicho na ubora wa kuuzika, lakini aliyekagua mwenyewe hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuiona. Anayenunua kwa mtu binafsi ana kinga ndogo zaidi. Basi mkataba uandikwe, hata wa ukurasa mmoja, ukitaja namba ya chasisi na ya injini, mwaka wa kutengenezwa, kilomita zilizosomwa, na kauli ya muuzaji kuhusu ajali na matengenezo makubwa. Muuzaji anayekataa kuandika alichokisema kwa mdomo amekwisha kujibu swali.

Yapo pia yanayozidi uwezo wa mtu mmoja. Stika ya Nenda kwa Usalama inaonyesha kwamba gari lilikaguliwa kwa ajili ya usalama barabarani, haimwambii mnunuzi injini imebakiza nini. Ukaguzi wa namna hiyo haupatikani kwa mkulima kwa urahisi, wakati vyombo vya kuufanya vipo. VETA ina chuo Lindi na kingine Chang'ombe, Dar es Salaam, na vyuo hivyo vina walimu wa ufundi magari na wanafunzi wanaohitaji injini halisi za kujifunzia. Hakuna kinachozuia vyuo hivyo kutoza ada inayojulikana na kumpa mnunuzi karatasi ya matokeo yenye muhuri: mgandamizo wa kila silinda, hali ya chasisi, breki na gia boksi. Kwa wanaonunua mjini ingefanyika Chang'ombe, kwa wanaouziana wenyewe kwa wenyewe ingefanyika Lindi.

Vyama vya msingi vina nafasi ya kulianzisha jambo hili, kwa sababu ndivyo vinavyojua fedha inaingia lini na kwa nani. Lindi Mwambao inaviunganisha vyama vya ukanda huu, na inaweza kuzungumza na chuo kwa niaba ya wanachama badala ya kila mmoja kubisha hodi peke yake. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya mnada wa kwanza wa ufuta, yakiwa na makadirio ya idadi ya wanachama wanaokusudia kununua magari, siku ambazo mafundi watakuwa tayari, na ada itakayobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila ghala karibu na bei ya mnada.